Ngumi ya Nani?

Jamani, kuna watu wanalala njaa kwa sababu hawana kitu. Hao nawaelewa, na Mungu awafungulie. Lakini mimi ninacho. Waifu kapika, hotipoti liko mezani, mvuke unachungulia pembeni ya kifuniko, nyumba nzima inanukia kitunguu. Halafu eti nisiguse. Eti kwanza nikunje ngumi, niiweke ubavuni mwa ugali, nilinganishe. Ugali ukizidi ngumi, kata, rudisha. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, nakaa mezani nimeukunjia ugali ngumi kama nataka kupigana nao.

Na mimi wala sikwenda kuyatafuta haya mambo. Naomba hilo lieleweke mapema. Mimi nilikwenda kliniki kwa ajili ya goti. Goti la kulia, nikipanda ngazi za ofisini linalia kwa, kwa, kwa, hadi watu wanageuka. Nikategemea dawa ya kuchua, labda na sindano, nirudi zangu nyumbani. Daktari hakuligusa. Aliniangalia kuanzia kifuani kushuka chini, macho yakakwama katikati, akaandika. Akaniambia nenda chumba cha pili ukapime uzito. Nikamwambia dokta, kinachouma ni goti. Akasema, "Ndiyo mzee, na hilo goti limebeba nini?"

Hilo nalo ni swali la kumuuliza mgonjwa?

Chumba cha pili nikamkuta binti, mtaalamu wa lishe, rika la mdogo wangu wa mwisho, ananiita "baba yangu". Baba yangu vua viatu. Baba yangu toa simu mfukoni. Baba yangu panda hapa, usishike ukuta. Nikavua viatu, nikavua mkanda, nikavua saa, nikatoa funguo, nikatoa na chenji za daladala, nikatoa na pumzi yote niliyokuwa nayo. Kilo 96. Nikamwambia asubuhi nilikunywa maji. Akatabasamu vizuri tu, akaandika 96 vilevile. Urefu mita 1.74. Akabonyezabonyeza simu, akasema BMI yangu ni 31.7.

Sikujua ni kitu gani ila kwa sauti aliyoitoa nikajua si cha kupongezwa. Akanieleza. Unachukua kilo zako, unagawanya kwa urefu wako uliozidishwa kwa urefu huohuo. Jibu likifika 25 uzito umezidi. Likifika 30 hiyo inaitwa kiribatumbo. Nikamuuliza nani kapanga hizo hesabu. Kumbe kasoma yule mtoto. Akasema hesabu yenyewe ni ya Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, miaka ya 1830. Nikauliza huyo bwana alikuwa daktari wa nini. Akasema hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa hisabati na nyota.

Nyota! Mtu kakaa Brussels huko, karibu miaka mia mbili iliyopita, anahesabu nyota, ugali hajawahi kuuona hata kwenye picha, na ndiye kanipangia mimi cha kula Mwananyamala. Binti akazidi kuharibu. Akasema Quetelet wala hakuwa anatafuta wanene, alitaka tu kujua mtu wa wastani yukoje. Nikamwambia basi mimi si wa wastani, aniache. Hakuniacha. Akatoa futi kamba.

Hapo ndipo nilipodhalilika. Nilivyoona futi kamba nikavuta tumbo ndani. Nimelivuta kweli, nimelipeleka huko nyuma karibu na mgongo. Binti akanizungushia ile kamba, halafu akasimama. Hasomi. Akasema, "Baba yangu, pumua kawaida." Nikamjibu kwa kichwa kwamba napumua. Akaangalia saa ya ukutani. Feni inazunguka. Nje nesi anaita majina. Macho yakaanza kunitoka. Mwisho nikaachia, tumbo likarudi mahali pake kwa kishindo, na yeye hapohapo akasoma: sentimita 108. Mwanaume akivuka 94 aanze kujiangalia, akivuka 102 hatari imeongezeka sana, mambo ya sukari na presha na moyo. Kaandika na hiyo. Yule binti ana subira mbaya.

Kitu kimoja tu alisema nikafurahi. Alisema sitakiwi niwe mwembamba, nipunguze asilimia 5 kwanza, kilo 5 hivi, taratibu. Na kwamba kila kilo moja ninayopunguza, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua ninayopiga. Nikapiga hesabu hapohapo. Kilo 24 mara 4 ni 96. Maana yake nikipunguza kilo 24 tu, goti litakuwa halibebi kitu kabisa. Nilimwambia hivyo, akabaki ananiangalia. Nadhani hajawahi kupata mgonjwa anayejua hesabu.

Basi bwana, nikapewa karatasi. Ina picha ya sahani imekatwa vipande. Nusu ya sahani mboga za majani na kachumbari. Robo wanga, yaani ugali, wali, viazi, ndizi. Robo iliyobaki nyama, samaki, maharage au dagaa. Na kipimo eti ni mkono wako mwenyewe. Ngumi moja ndiyo ugali wako. Kiganja bila vidole ndiyo nyama yako. Dole gumba ndiyo mafuta yako. Binti kafurahi kweli akinielezea, eti uzuri wake ni kwamba huhitaji mizani jikoni, mkono unatembea nao.

Nilitegemea waifu atanionea huruma. We! Aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili. Akaibandika ukutani juu ya meza, pembeni ya kalenda. Mwanamke ambaye kodi ya nyumba namkumbusha, bili ya maji namkumbusha, lakini karatasi ya kuninyima mimi chakula anaijua kwa kichwa.

Usiku wa kwanza nikakunja ngumi. Sasa niwaambie ukweli, mimi ngumi yangu ni ndogo. Toka shule. Hakuna mtu aliyewahi kuiogopa. Mikono yangu ni ya kugonga mihuri na kubonyeza kikokotoo. Ugali uliolingana nayo ulikuwa tonge nne. Nimezihesabu. Tonge ya tano ilikuwa ni kulamba vidole. Nikaisoma karatasi upya, mstari kwa mstari, nikagundua jambo: haikusema ngumi ya nani.

Mimi nina shemeji, mdogo wake waifu, anapakua mizigo Kariakoo. Sementi, mabelo ya mitumba, magunia ya sukari. Ngumi zake ni za kutisha, akishika kikombe cha chai kinapotea chote. Nikampigia simu, shemeji njoo ule ugali kesho. Akaja, kaoga, kavaa shati la kola. Ugali ulipotua mezani nikamwambia, "Shemeji, hebu kunja ngumi uweke hapa." Akaniangalia. Akamwangalia dada yake. Akaniinamia sikioni, akanong'ona, "Shemeji, kuna mtu anakusumbua? Niambie tu jina."

Nikamweleza. Akakunja, akaweka. Mashallah. Ugali ukakatwa kwa ile ngumi, ukasimama, ukanifurahisha roho. Nikanyoosha mkono. Waifu akaivuta ile sahani, akaisogeza mbele ya mdogo wake. "Ngumi yake, ugali wake." Halafu akaniletea wangu. Na kwa kuwa shemeji ni mgeni, tena anabeba sementi, akaongezewa ngumi ya pili. Mimi nimekaa nashuhudia. Na nyama hivyohivyo. Nilipoweka kiganja juu ya nyama, waifu akavifunika vidole vyangu kwa kitambaa cha meza. Bila vidole, kasema, karatasi imesema bila vidole. Kumbuka ni mikono yangu mwenyewe hiyo.

Matokeo yake shemeji sasa anakuja kila jioni. Alielewa kwamba anahitajika. Anapiga hodi, anakunja ngumi kabisa toka mlangoni.

Ikaja habari ya sahani ndogo. Karatasi inasema tumia sahani ndogo ili macho yaone imejaa. Sisi sahani zetu ni zile kubwa, zawadi za harusi, zenye maua pembeni. Sahani ndogo iko moja tu, ya plastiki, ya kitinda mimba wetu, ina picha ya sungura katikati. Waifu akanipakulia humo. Nikasema sawa, sahani ndogo lakini hakuna aliyezungumzia urefu kwenda juu. Nikaanza kuujenga ule mchicha, nikaushindilia na mwiko, wali juu, maharage kwenye kilele. Kazi imekamilika, naomba dua, mtoto katoka chumbani. Kuona sahani yake tu akapiga ukelele uliosikika mpaka gengeni. "Baba anakula kwenye sahani yanguuu!" Akaishika upande wake. Mimi nikaishika upande wangu. Sikuwa navuta, nilikuwa nazuia isimwagike. Anavuta, nazuia. Maharage yanaporomoka.

Na mlango uko wazi. Na mlangoni kasimama mwenye nyumba, kaja kuulizia kodi.

"Shikamoo mzee," nikasema, sahani sijaiachia.

Mzee wa watu akaangalia. Baba na mtoto wa miaka minne wanagombania sahani ya sungura. Akaishusha kofia yake kidogo. Akasema, "Marahaba. Basi mwanangu, nitapita mwezi ujao." Akaondoka polepole. Hicho ndicho kitu pekee ambacho hii dayati imewahi kunisaidia. Ila mzee yule hana kifua. Kufika asubuhi mtaa mzima unajua kwamba kwangu chakula hakitoshi, tunanyang'anyana na watoto.

Mnaonielewa mnanielewa. Hapa kwetu mtu akinenepa ni neema, mambo yanamwendea, anaitwa bosi. Akipungua watu wanaanza kuhesabu: kafukuzwa kazi, ana mgonjwa, ana deni, au mke kakorofisha. Hakuna anayepungua kwa hiari yake. Nikipita watu wananipa pole, na mimi hata nusu kilo sijapungua!

Mchana ndiyo balaa zaidi. Nakula kwa mama ntilie mmoja jirani na ofisi, miaka na miaka, ananijua. Nikapanga foleni, zamu yangu ikafika, nikasema kwa sauti ya chini, "Mama, leo wali nusu. Maharage kidogo. Mchicha weka mwingi." Upawa ukabaki hewani. Akanitazama usoni. "Mwanangu, hali imekuwa mbaya kiasi hicho?"

Nikamwambia hapana mama, ni dayati. Akasema dayati ni ya watu wenye magari, wewe mwanangu usinifiche mimi mama yako. Akapakua. Wali mlima. Maharage. Nyama ambayo sikuiomba. Nikafungua mdomo kukataa, fundi cherehani aliyekaa benchi la pembeni akasogeza kipande chake cha samaki kwenye sahani yangu, hakusema neno, akanigonga begani. Dereva bajaji akaniagizia soda. Jamaa mmoja nisiyemjua kabisa akanihadithia alivyopunguzwa kazi mwaka jana na akamshukuru Mungu. Benchi lote linaniangalia nile. Sasa ungefanya nini? Mtu kakupa samaki wake, umwambie robo ya sahani yangu imeshajaa? Nilikula yote. Nilipotoa hela mama akaikunja, akairudisha kwenye mfuko wa shati langu. "Utalipa mambo yakikaa vizuri."

Siku hizi napita uchochoro wa nyuma. Nikipita mbele ananiita, ananifungia na cha kupeleka nyumbani.

Kliniki niliporudi nikamweleza binti kwamba ratiba yake haifai kwa mazingira yetu. Akasema labda hatujaelewana kuhusu kalori. Akanifundisha. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gramu moja ya wanga au sukari ina kalori 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kula, karibu kalori 120. Nikamfikiria waifu. Waifu hamimini mafuta kwa kijiko, anamimina kwa kusikiliza. Sufuria ikinyamaza ndiyo yametosha. Kwa hiyo hapo nani mwenye makosa, mimi niliyekula au aliyekuwa anasikiliza?

Lakini nilipata na mwanga. Mafuta 9, sukari 4. Yaani sukari ni chini ya nusu bei. Na mimi nilikuwa nakunywa chai kavu na chapati ili nijibane, wakati chapati ina mafuta nje, ndani na katikati. Soda je? Soda haina mafuta hata tone. Nikaacha chapati, nikahamia kwenye soda. Watu wanasema dayati ngumu, ni kutotumia akili tu.

Halafu kuna vijiko sita. Binti alisema Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilitoa mwongozo, sukari ya kuongezwa ikishuka mpaka gramu kama 25 kwa siku ndiyo bora zaidi, yaani vijiko sita vya chai. Nilishangaa. Miaka yote mimi natia vijiko vinne kwenye chai ya asubuhi, basi. Nilikuwa napunja mwili bila kujua! Nikaongeza viwili nifikie kiwango. Binti nilipomwambia nimeshafikia vijiko sita alifurahi sana, akanipa mkono. Akasema nihesabu na soda humo, maana chupa ya mililita 350 peke yake ina kama vijiko tisa. Nikamwambia soda ni hesabu nyingine, ile nakunywa badala ya mafuta. Mkono wake ukalegea ndani ya wangu.

Kula taratibu nako nimejaribu. Eti tafuna mpaka kilainike kabisa, weka kijiko chini, pumzika, shibe inachukua kama dakika 20 kufika kichwani. Sawa. Ijumaa tukaitwa hitima kwa jirani. Sinia la pilau, wanaume wanne. Mimi natafuna. Nimeshusha mkono, napumzika, nasubiri shibe ifike. Nikainua macho: mdalasini, pilipili manga na mfupa mmoja. Wenzangu wananawa. Shibe yao ilishafika, yangu sijui ilikwama foleni ya wapi.

Na msidhani siizingatii karatasi. Naizingatia kuliko mtu yeyote. Kila kilichoandikwa humo nakipima. Ugali ngumi. Wali ngumi. Nyama kiganja. Kisamvu nusu sahani, na kisamvu cha waifu kina tui la kwanza la nazi na karanga za kutwanga, lakini kimeandikwa mboga za majani na majani yamo. Ambacho hakikuandikwa sasa, hicho utakipima na nini? Ukoko haumo. Nimeangalia mbele na nyuma. Ukoko si wali, wali umeshapakuliwa, ukoko ni kuosha sufuria. Mabaki ya watoto hayamo, hicho ni kuzuia israfu. Kashata ya kijiweni haimo, kashata ni sehemu ya kahawa. Bagia za kuonja humlipi mtu, basi hazihesabiki. Karanga unatafuna ukiwa unasubiri daladala, hujakaa mezani, huo si mlo.

Pamoja na kujinyima kote huko, nikapita stendi ya Makumbusho, kuna wale vijana wa kupima uzito, mia mbili. Nikavua viatu palepale kwenye vumbi, abiria wanatazama, kondakta mmoja kaacha kuita Mbagala ili aone. Kilo 98. Nikamwambia kijana mzani wako umepigwa jua. Akanipimia na begi lake, akaniambia begi ni kilo 3 siku zote na leo pia ni kilo 3. Nikahamia kwa mwenzake ng'ambo ya barabara. Huyo akasoma 98 na nusu. Wanapeana ishara wale, nina uhakika.

Binti wa lishe akaja na jipya. Akasema nunua daftari, andika kila kinachoingia mdomoni, saa ngapi, kiasi gani, kwa ukweli. Nikanunua lile dogo la kurasa 40. Nikaandika kwa mwandiko mzuri. Asubuhi: chai, kikombe kimoja. Mchana: wali, ngumi. Usiku: ugali, ngumi. Ukilisoma daftari langu unaweza ukalia. Waifu alilisoma na karibu anionee huruma, aliniongezea na kiganja cha samaki. Mambo yangebaki hivyo, tungeishi kwa amani.

Tatizo ni Mangi. Mangi ana duka hapo kona, na mimi nachukua vitu kwa kuandikisha, nalipa mwisho wa mwezi, watu wote tunafanya hivyo. Sasa Jumamosi waifu katoka kwenye kikoba na hela mkononi, akasema ngoja nipite kwa Mangi nipunguze deni la sukari na mkaa. Mimi nilikuwa nimeegemea hapohapo kaunta, nimeshika soda baridi, tunabishana na vijana habari za Simba na Yanga. Kumwona tu nikaiteremsha chini ya kaunta. Mangi kalifungua lile daftari lake, kubwa, jalada gumu, kaweka penseli sikioni, kafunua kurasa kwa kulowesha kidole. Na Mangi huwa haandiki majina ya watu. Anaandika anavyotukumbuka yeye.

Waifu akainamisha kichwa. Akasoma kwa sauti. "Nani huyu Bonge wa Dayati?"

Vijana wote wakanigeukia mimi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mara mbili.

Akaendelea. Ana sauti inayobeba, alikuwa kwaya. Jumatatu, soda moja, maandazi matatu. Jumatatu jioni, soda, biskuti pakiti. Jumanne, mayai ya kuchemsha mawili, soda, karanga. Jumatano, maandazi manne, kwenye mabano Mangi kaandika "moto". Jumatano usiku, mkate nusu na siagi ya kupaka, "kala hapahapa". Kila mstari una saa. Mwandiko msafi, hesabu zimenyooka, kiasi, aina, tarehe. Daftari lile binti wa lishe angelipa cheti. Nikamwambia waifu vingine nilimnunulia shemeji. Akamuuliza Mangi. Mangi, ambaye nimekuwa mteja wake toka duka likiwa kibanda cha mbao, akasema hapana mama, shemeji ana ukurasa wake. Akaufunua. Unaitwa Ngumi.

Waifu hakugomba. Ndiyo inayoniogopesha. Alilipa, akachukua chenji, akamwomba Mangi kwa upole amwazime lile daftari Alhamisi, kuna mahali linahitajika. Mangi akafikiri. Akauliza, na hii soda ya sasa hivi niiandike? Waifu akanyoosha mkono chini ya kaunta, akaitoa, akaipima kwa macho, akamwambia aandike nusu, hiyo nyingine anakunywa yeye.

Kwa hiyo Alhamisi tunakwenda kliniki na daftari la madeni. Mangi kakubali kwa masharti. Lirudi kabla ya saa kumi na mbili jioni, watu wanakuja kukopa. Lisilowe. Na huyo binti wa lishe asifunue ukurasa wa mjumbe, kwa sababu mjumbe naye kaambiwa ana sukari na nyumbani kwake wanajua anakunywa uji wa ulezi mtupu. Nimeuona ule ukurasa. Umeanza Januari na umeingia mpaka kwenye jalada.